Waliingia 412, Wakatoka 412

Hotuba hii niliitoa mjini Moshi mbele ya vijana wanaoanza kazi ya takwimu kwenye miradi ya afya na kilimo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Skripti, yaani orodha za amri za kompyuta, zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimezieleza kwa maneno.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kuja wengi namna hii kusikiliza mada ambayo kwenye ratiba imeandikwa kwa maneno makavu: ufuatiliaji wa mabadiliko ya mistari katika majedwali ya data.

Nitaisema kwa lugha nyepesi. Asubuhi umefungua jedwali lina mistari elfu moja. Jioni unalifunga lina mistari mia tisa na sitini. Je, unaweza kunitajia wale arobaini mmoja mmoja, na kila mmoja ametoka kwa sababu gani? Wengi wenu mtaweza, mkipewa muda wa kurudi kwenye skripti. Sasa swali la pili, na ndilo lililonitoa nyumbani leo: asubuhi ni elfu moja, jioni ni elfu moja. Una hakika gani kwamba ni wale wale?

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuchambua data za watoto wa chini ya miaka mitano kutoka vijiji vya juu, huku mlimani, kule ambako ukitoka mjini unapanda mpaka migomba inafunga anga pande zote mbili za barabara. Kulikuwa na majedwali mawili. La kwanza lilitokana na dodoso: umri wa mtoto, uzito, urefu, anakula nini nyumbani, maji yanachotwa wapi. Mistari 412, kila mtoto na mstari wake. La pili lilitoka maabara, na lilikuwa na kiwango cha damu cha kila mtoto. Nilipolifungua niliangalia chini kabisa: mistari 412. Nikafurahi. Nikayaunganisha kwa namba ya mtoto, nikaangalia tena: mistari 412. Namba tatu, zote sawasawa. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai moyo ukiwa umetulia kabisa.

Kazi ilipokamilika tulichapa orodha ya watoto na vipimo vyao, tukaipandisha zahanati ili wenye upungufu wa damu wafuatiliwe na kuanzishiwa dawa. Aliyetupokea ni muuguzi, mama mtu mzima, ambaye watoto wale aliwatoa damu kwa mikono yake mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaanza kushuka na orodha kwa kidole. Mimi katika orodha ile nilikuwa naona namba. Yeye alikuwa anaona watoto, huyu alilia sana, huyu aliletwa na bibi yake. Akafika katikati, kidole kikasimama.

"Mwanangu, huyu mbona yumo mara mbili?"

Nikamjibu kwamba huenda ni majina yanafanana, maana kwetu huku ukisema Mushi, Massawe au Lyimo umeshaita nusu ya kijiji. Akatikisa kichwa. Akaendelea hadi mwisho wa karatasi, akaigeuza upande wa pili, hakukuta kitu. Ndipo akaniuliza:

"Na wale wangu wa ng'ambo ya mto wako wapi?"

Akafungua kabati, akatoa kaunta buku lililofunikwa kwa gazeti, akaliweka juu ya orodha yangu. Majina yao yalikuwamo, saba, kwa mwandiko wake.

Nilirudi mjini nikakaa na majedwali yale mawili hadi usiku. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Faili la maabara lilikuwa limetumwa kwa vipande viwili, na mistari saba ya mwisho ya kipande cha kwanza ilijirudia mwanzoni mwa kipande cha pili. Kwa hiyo ile mistari 412 ilikuwa ni watoto 405, saba kati yao wakiwa wameandikwa mara mbili. Watoto wengine saba, wa ng'ambo ya mto, hawakuwa na majibu hata kidogo. Mimi nikaunganisha kwa amri ya inner_join, ambayo hubakiza wale tu wanaoonekana pande zote mbili. Wasio na majibu wakadondoka, waliojirudia wakaongezeka. Toa saba, jumlisha saba, 412.

Ningetumia left_join, inayombakiza kila mtu wa jedwali la kushoto, ningepata mistari 419 na ningeshtuka palepale. Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani dawa ni kubadilisha amri moja kwa nyingine. Kuna siku left_join nayo itakuficha kitu. Toka siku ile, mtu akiniambia amehesabu mistari na iko sawa, namwuliza: ni mistari ya akina nani?

Na tazameni ni nani waliodondoka. Si watoto wowote tu. Ni wale wanaoishi mbali kuliko wote, ambao kuwafikia ni kushuka bondeni na kupanda tena. Katika data zetu hapa nyumbani wanaopotea mara nyingi wana sababu moja inayowaunganisha: mtandao haufiki, barabara haipitiki, mama yuko shambani muda wote, simu ya kaya ni ya baba naye yuko machimboni Mererani. Ukiwapoteza hao bila kujua, wastani wako unasogea upande mmoja, na unaripoti hali nzuri kuliko ilivyo kwa sababu walio na hali mbaya hawamo tena.

Mfano wa namna ya kufanya tunao juu ya vichwa vyetu, siku ambayo mawingu hayajaufunika. Waliowahi kupanda mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua: getini unaandika jina kwenye kitabu. Ukifika kambi ya Mandara, unaandika tena. Horombo, unaandika. Kibo, unaandika. Askari wa hifadhi hatosheki na kuhesabu vichwa, kwa sababu kichwa hakisemi ni cha nani. Watu kumi wakipita Horombo kwenda juu, na siku mbili baadaye watu kumi wakapita kushuka, inawezekana kabisa mmoja wa wale wa kwanza amelala Kibo hoi kwa ugonjwa wa kimo, na aliyekamilisha kumi ni mtu wa kundi jingine. Kitabu ndicho kinachojua. Nawaomba muone kila amri mnayoiandika kama kambi mojawapo. Kuchuja ni kambi. Kuunganisha ni kambi. Kuondoa waliojirudia ni kambi, tena kambi yenye upepo mkali. Na katika kila kambi kuna kitabu.

Sasa tuingie kwenye programu zenyewe za takwimu, SAS, Stata na R, maana hazifanani tabia.

SAS ina desturi nzuri ya kusema. Kila hatua ikiisha inakuandikia kwenye logi, yaani kumbukumbu ya kazi, ni mistari mingapi imesomwa na mingapi imewekwa kwenye jedwali jipya. Tatizo ni sisi, hatusomi logi. Stata nayo inasema: ukiondoa mistari inakutajia idadi iliyofutwa, na ukiunganisha majedwali inakuachia kolamu iitwayo _merge, yenye 1 kwa aliyekuwa jedwali la kwanza tu, 2 kwa aliyekuwa la pili tu, na 3 kwa aliyeonekana kote. Tangu toleo la 11 la mwaka 2009, Stata inakutaka uanze kwa kutamka uhusiano: mmoja kwa mmoja, wengi kwa mmoja, au mmoja kwa wengi. Ukitamka mmoja kwa mmoja na kuna waliojirudia, inakataa kazi. Naiheshimu sana tabia hiyo.

R, ambayo ndiyo wengi wenu mnaitumia na mimi naitumia kila siku, ni kimya. Unachuja, inachuja. Unaunganisha, inaunganisha. Haikuambii neno. Ndiyo maana napenda mjifunze kifurushi, yaani nyongeza ya amri, kiitwacho tidylog, kazi ya Benjamin Elbers. Ukikiita mwanzoni mwa skripti baada ya dplyr, kile kifurushi chenye amri za kuchuja na kuunganisha, kila ukichuja kinakuandikia mistari mingapi imeondoka na ni asilimia ngapi, na kila ukiunganisha kinakutajia waliokuwa upande mmoja tu. Siku ile kingeniandikia kwamba mistari saba imebaki upande wa kushoto bila mwenzake, na kwamba iliyolingana ni 412 ikiwa na marudio ndani yake. Mstari mmoja wa maandishi, na yule mama asingelazimika kuniuliza.

Tangu Machi 2023, dplyr yenyewe kuanzia toleo la 1.1.1 hutoa onyo pale wengi wa upande huu wanapokutana na wengi wa upande ule. Ni hatua njema. Lakini sikilizeni vizuri: onyo hilo lisingenisaidia mimi. Upande wa dodoso kila mtoto alikuwa na mstari mmoja tu. Marudio yalikuwa upande wa maabara peke yake, na programu inaona hilo ni jambo la kawaida. Ili ikusaidie lazima wewe mwenyewe utamke, ndani ya amri, kwamba uhusiano ni one-to-one, na kwamba asiye na mwenzake ni kosa. Programu haijui kwamba mtoto mmoja hutolewa damu mara moja. Wewe unajua. Usipoiambia, ujuzi wako unabaki kichwani na jedwali linaendelea bila wewe.

Kuna jambo jingine ambalo nitalikalia kidogo, kwa sababu limeharibu kazi nyingi nilizoziona na hakuna anayelisema darasani. Mtoto ambaye umri wake haujulikani. Mama hakuwa na kadi, bibi hakumbuki mwezi, karani akaacha wazi. Sasa wewe unataka kugawa watoto makundi mawili: chini ya miezi 24, na miezi 24 kwenda juu. Unaandika sharti lako, rahisi kabisa. Mtoto yule anaenda wapi?

Katika SAS, thamani inayokosekana ni ndogo kuliko namba zote. Kwa hiyo anaingia kwa wachanga. Katika Stata, thamani inayokosekana ni kubwa kuliko namba zote. Kwa hiyo anaingia kwa wakubwa. Katika R, ukitumia filter ya dplyr, hayumo kwa wachanga wala hayumo kwa wakubwa. Ametoweka kimyakimya pande zote. Na ukitumia zile mabano za mraba za R ya kawaida, anarudi kote kuwili, lakini mstari wake wote umegeuka mtupu, kila kolamu NA, alama ya R ya thamani inayokosekana, hata jina lake halipo. Mtoto yule yule, sharti lile lile. Nimewahi kuona wachambuzi wawili wakibishana siku tatu kwa nini majibu yao hayalingani, mmoja ametumia Stata na mwenzake R, na kila mmoja yuko sahihi kwa mujibu wa programu yake. Waliokuwa wanawagombanisha ni watoto kumi na mmoja wasio na kadi ya kliniki.

Kwa hiyo kabla ya kuchuja kwa kolamu yoyote, hesabu kwanza wasio na thamani kwenye kolamu hiyo, halafu amua wewe, kwa maandishi, waende wapi. Usiiachie programu ikuamulie.

Wanaotumia data.table, kifurushi kingine cha R, kwa ajili ya majedwali makubwa, nanyi mna mtego wenu. Unataka kulinganisha jedwali la zamani na jipya, kwa hiyo unahifadhi la zamani kwa jina jingine kabla ya kuanza. Unaona uko salama. Kisha unabadilisha kolamu kwa ile alama ya nukta mbili na usawa. Ukija kulinganisha, hakuna tofauti hata moja. Sababu ni kwamba hukuwa umetengeneza nakala. Ulilipatia jedwali moja majina mawili, na alama ile hubadilisha palepale lilipo. Kitu kimoja, kimebadilika chote. Tumieni amri ya copy, kila mara, bila kuona uvivu.

Nije kwenye daftari.

Wenye maduka wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu liko hivi. Siku ya kwanza, faili likishafika kutoka shambani au maabara, silishiki. Nalihifadhi kama lilivyo, limefungwa lisiandikike. Nasoma nakala, na jambo la kwanza kabla ya kitu kingine chochote nampa kila mstari namba yake isiyobadilika. Msitegemee nafasi ya mstari kwenye jedwali, kwamba huyu ni wa kumi na tano kutoka juu. Mtu akipanga upya kwa tarehe, wa kumi na tano ni mwingine. Na nimeshuhudia jedwali la Excel ambalo mtu alipanga kolamu ya majina peke yake, nyingine zikabaki zilipokuwa. Idadi haikubadilika hata kidogo, lakini kila mtu alikuwa amevalishwa uzito wa mwenzake, na hakukuwa na namba ya kuwarudisha kwao.

Baada ya kila hatua, skripti inafanya maulizo manne yenyewe. Nani alikuwamo na sasa hayumo? Hapo anti_join ndiyo rafiki yenu: mpe la zamani na jipya, atakuletea walioondoka. Geuza, mpe jipya kwanza, atakuletea walioingia. Nani yumo zaidi ya mara moja? Na la nne, ambalo wengi hulisahau: kwa wale waliobaki, je, kuna thamani iliyobadilika ndani ya mstari? Kwa hili SAS ina PROC COMPARE, Stata ina cf, na R ina comparedf ndani ya kifurushi cha arsenal. Kwa cf muwe waangalifu, inalinganisha mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, kwa hiyo pangeni majedwali yote mawili kwa namba ile isiyobadilika kabla ya kuiita. Na wanaohifadhi kazi zao kwa Git, programu inayotunza kila toleo la faili, ni hivyo hivyo: andikeni faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, likiwa limepangwa kwa namba. Vinginevyo Git itakuonyesha jedwali zima ni jekundu na kijani, wakati aliyebadilika ni mtu mmoja.

Majibu ya maulizo hayo yanaingia kwenye jedwali dogo la pembeni lenye jina la hatua, walioingia, walioondoka, walioongezeka, waliobaki, na sababu. Na jedwali la pili lina namba za walioondoka, kila namba na hatua iliyomtoa. Hapo ndipo mkurugenzi wa mradi akiuliza "mbona mwezi uliopita mlisema 398?" unamjibu kwa dakika moja, bila kutoka jasho.

Kolamu ya sababu ndiyo ngumu, na ndiyo yenye thamani. Naomba msiandike "usafishaji wa data". Hilo halisemi chochote. Ni kama mwongozaji kuandika kitabuni kwamba mgeni "ameshughulikiwa". Andikeni: tarehe ya kuzaliwa iko baada ya tarehe ya mahojiano. Andikeni: fomu imetumwa mara mbili kutoka kishikwambi kimoja, tofauti ya dakika nne, imebakizwa ya pili. Andikeni: hakuridhia kutolewa damu. Wanaofanya majaribio ya tiba wanalijua hili kwa jina la CONSORT, mwongozo uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, ambao una mchoro wa kuonyesha washiriki wangapi walichunguzwa, wangapi waliondolewa na kwa nini, hadi waliobaki kwenye uchambuzi. Watu wengi huujaza mchoro ule wiki ya mwisho, kwa kukisia kurudi nyuma. Mwenye daftari anauchora kwa mchana mmoja.

Jambo moja la kisheria, kwa haraka. Daftari hili liwe na namba, lisiwe na majina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya walioondolewa kwenye utafiti kwa sababu ya kukataa, au kwa sababu ya hali ya kiafya, ni taarifa nyeti kuliko hata jedwali lenyewe. Jedwali la kuunganisha namba na majina likae mahali pengine, kwa mtu mwenye dhamana.

Mtu anaweza kusema mambo haya ni ya miradi midogo yetu, wakubwa hawakosei hivi. Uingereza, mwaka 2020, katikati ya janga la korona, majibu ya vipimo yalikuwa yanapitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ule wa XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa. Faili likijaa, mistari iliyozidi ilikatwa, hapakuwa na aliyeambiwa. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku, na waliokuwa wamekaribiana nao walichelewa kutafutwa. Hapo kila mstari ulikuwa ni mtu anayekohoa na familia yake mezani. Hawakukosa wataalamu. Walikosa hatua moja ya kuuliza: waliotoka maabara ni wangapi, waliofika huku ni wangapi, na tofauti ni akina nani.

Na wachumi wawili wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika mwaka 2010 juu ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, kazi iliyonukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 Thomas Herndon, akiwa bado mwanafunzi katika chuo kikuu cha Massachusetts huko Amherst, akishirikiana na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, alionyesha makosa kadhaa, mojawapo likiwa fomula ya wastani ambayo haikufika chini ya jedwali. Nchi tano ziliachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark. Si kosa peke yake lililobadilisha matokeo, lakini tazameni majina hayo. Kwa herufi za Kiingereza, ni za mwanzo wa alfabeti. Mistari ilikuwa imepangwa kwa jina kuanzia mwisho wa alfabeti, hivyo hizo zilikuwa chini kabisa, na mkono ulioburuta fomula ukakomea njiani.

Mwisho wa upande wa ufundi: ifundisheni skripti yenu kusimama. Onyo halitoshi, maana onyo linapita juu ya kioo kama daladala lisilosimama kituoni. Andikeni masharti. R ina stopifnot, Stata ina assert. Baada ya kuunganisha: namba za watoto zisijirudie, ama simama. Kila mtoto wa dodoso awemo, ama yumo kwenye daftari la walioondoka, ama simama. Skripti ikikataa kuendelea saa nne usiku mtakasirika. Mimi pia hukasirika. Nakasirika, natafuta, napata, naandika sababu, nalala.

Najua kuna wanaofikiria muda. Mnabanwa, ripoti inatakiwa Ijumaa, mfadhili anapiga simu. Mistari ya ziada kwenye skripti yangu ni kama ishirini, nimeiandika mara moja na ninaibeba kutoka mradi hadi mradi. Nitawaachia mwisho wa kikao. Ila kwa kaya ambayo mtu amepanda saa mbili kwa miguu kwenda kuihoji, mama akaacha kufua akaketi na kujibu maswali arobaini, mtoto akachomwa sindano akalia, sidhani tuna haki ya kuipoteza kwa sababu ya Ijumaa.

Wale saba sijawamaliza. Mwezi Juni, mvua zilipokwisha, tulipanda tena, yule mama akitangulia mbele na kaunta buku lake kwapani. Watano tuliwapata nyumbani, wakatolewa damu upya. Wawili kati yao walikuwa na upungufu, wakaanzishiwa dawa wiki ile ile. Mmoja kaya yake ilikuwa imehamia Arusha. Mmoja mzazi wake hakuridhia mara ya pili, na ni haki yake.

Tulipopumzika kivulini nilimwuliza yule mama kama alijua kwa nini sampuli za mara ya kwanza hazikupatikana. Hakunijibu kwa mdomo. Alifungua kaunta buku ukurasa wa Aprili akanionyesha. Pembeni ya majina saba alikuwa ameweka mabano moja kubwa kwa kalamu ya bluu, na mbele yake ameandika siku ile ile ilipotokea: "Damu haikufika. Daraja limekwenda na maji, boksi limelala kwangu siku mbili." Nilinakili maneno hayo kwenye kolamu ya sababu kama alivyoyaandika, na mpaka leo ndiyo yaliyomo.